Tiketi ya Watu Wawili

Mkwe wangu anasoma mita za maji. Kazi yake ni kuingia uani kwa watu, kuinama, kufunua kifuniko, kuandika tarakimu, kisha kuuliza, "Mnaishi wangapi humu?" Ukishamjibu, anatazama kamba ya nguo ahesabu mwenyewe. Miaka tisa ya kazi hiyo imemfanya asiliamini hata bomba. Mimi humwita Msoma Mita, naye hucheka, maana tulikuwa tunaelewana. Tulielewana mpaka ile Jumatano alipokuja kwangu saa saba mchana, jua la utosi, na sare yake ya kazi mwilini, akakataa maji ya kunywa.

"Mama, nisamehe. Sikuja kwa shari."

"Asiyekuja kwa shari hukaa chini."

Akakaa. Akatoa vipande vinne vya karatasi kwenye mfuko wa shati, akavipanga mezani kimoja kimoja kama mcheza karata. Nikavaa miwani. Nilifika darasa la saba, kusoma nasoma, ila polepole, na herufi ndogo hunikimbia. Zilikuwa tiketi za makumbusho, lile jengo kubwa nyuma ya posta lenye ngazi pana. Kila moja ina tarehe, na kila tarehe ni ya Jumamosi. Chini yake mhuri: WATU WAZIMA 2.

"Nimezikuta kwenye mfuko wa aproni ya binti yako," akasema. "Nilikuwa natafuta kiberiti."

"Jiko lenu ni la umeme."

Akaweka kidole juu ya ile mbili. "Mmoja ni yeye, mama. Wa pili ni nani?"

Binti yangu ni fundi cherehani. Jumamosi hufunga kibanda chake adhuhuri, na mumewe alikuwa akiambiwa kwamba mchana anapita kwa wateja kuwapima. Nikasema labda alikwenda na mteja.

"Mteja gani anapimwa nguo makumbusho? Wewe mwenyewe umewahi kuingia mle?"

"Sijawahi."

"Unamjua mtu aliyewahi?"

Nikafikiri. "Watoto wa shule."

"Wale wanapelekwa, na mwalimu nyuma yao. Lakini mtu mzima, siku yake ya mapumziko, aende kwa hiari yake kutazama vyungu vilivyovunjika? Mara nne? Kama si..." Akalimeza neno kwa heshima yangu, lakini sote wawili tulilisikia.

Nikamuuliza kwa nini asimuulize mkewe.

"Nimemuuliza. Kasema Jumamosi alikuwa kwa mteja." Akainua tiketi moja. "Mteja ndiye huyu hapa. Mama, sitaki kelele, wala sijawahi kumnyanyulia mkono. Niletee jibu Jumamosi hii. Nikilikosa, Jumapili asubuhi nitamleta yeye na sanduku lake, tukae mbele ya wazee tuachane kwa heshima."

Akaziokota tiketi zake akaenda.

Wako watu wanaotishia kuacha wake zao kila mvua ikinyesha, na mtu akawapuuza. Huyu si wa kupuuzwa. Miaka miwili nyuma, mama yake mzazi, mjane kama mimi, aliolewa na fundi viatu. Msoma Mita alimwambia, "Baba yangu hana hata miaka mitatu kaburini. Ukitoka mlango huu kwenda kwa mwanamume huyo, mimi si mwanao." Mama akatoka. Tangu siku ile mwana hajakanyaga kwake, na mkewe akaambiwa asikanyage. Hata mimi, nakiri maana Mungu anajua, nilimuunga mkono. Nilisema mbele za watu kwamba mjane mwenye haya hubaki na dua na picha ya mumewe. Maneno yakamfikia, na toka hapo mimi na yeye hatukusalimiana tena, hata msibani.

Basi nilijua kwamba sanduku litakuja.

Tumefundishwa kwamba dhana ni dhambi. Nilijisomea hayo moyoni tangu alasiri ya Jumatano mpaka alfajiri ya Alhamisi, na kila nikimaliza, dhana inarudi kama nzi. Mbona siku hizi binti yangu anaimba akiosha vyombo? Mbona kanunua mtandio wa rangi ya samli, yeye asiyejali mitandio? Ndiye mtoto wangu wa pekee. Baba yake alipofariki nilimwoza kwa mikono yangu, na nyumba ile yake ndiyo kitu pekee duniani nilichoweza kusema nimekisimamisha.

Alhamisi nikaenda kibandani kwake nikijifanya nataka kurefushiwa pindo la gauni.

"Jumamosi mchana upo?" nikauliza. "Nipite tukae."

Alikuwa na pini tatu mdomoni. Akazitoa zote kabla ya kujibu, na mimi ninavyomjua, hutoa pini moja tu, hujibu kwa pembe ya mdomo.

"Jumamosi nina mteja, mama. Bibi harusi. Mkaidi, kila wiki kanenepa."

"Anakaa wapi?"

"Kule."

"Kule wapi?"

"Kule kwao, mama. Unataka kumwoa wewe?" Akacheka, akapiga magoti kupima pindo langu, ili nisimwone uso.

Nikarudi nyumbani na gauni lisilohitaji kurefushwa.

Jumamosi saa nane nilikuwa chini ya zile ngazi pana. Kwenye kidirisha alikaa mwanamume mnene, kijiti cha meno mdomoni.

"Karibu, bi mkubwa. Mmoja?"

"Mmoja. Kwani wengi huja wawili wawili?"

"Huja wanavyojaliwa."

Nikaipokea tiketi, nisiondoke. Nyuma yangu hapakuwa na mtu. "Hebu niambie, mwanangu. Watu wanafuata nini humu, siku ambayo wangeweza kulala?"

Alifurahi kuulizwa. Akakitoa kijiti. "Mama, nina miaka kumi na mmoja kwenye dirisha hili. Wakubwa waliwahi kutuletea fomu tuwaulize wageni: umekuja kwa nini? Wote waliandika 'kujifunza'. Hata yule aliyeingia kwa mbio kutafuta choo."

"Na ukweli?"

"Ukweli! Yuko anayekimbia joto, humu kuna feni. Yuko anayemkimbia mkewe. Wako wenye mapenzi yasiyo na chumba, hao huwaoni karibu na mlango. Yupo babu mmoja, alikuwa karani, huja kila mwezi kuitazama simu ya mezani kama ile aliyokuwa akiipokea ofisini. Anaisalimia kabisa. Na wako wachache wanaopenda kutazama tu, Mungu awape umri."

"Na wanaokuja Jumamosi?"

"Jumamosi ndiyo siku ya wenye siri," akasema, akacheka mpaka kiti kikalia. Aliponiona sicheki akaongeza, "Natania, mama."

Mimi sikuona utani hapo. Nikaingia.

Ndani kulikuwa na ubaridi na harufu ya nta ya sakafu. Nilitembea nikimtazama kila mtu, na kila mtu alinitia mashaka. Kijana na msichana walikuwa wamesimama nyuma ya mifupa ya nyangumi, wakisoma maandishi ambayo hayakuwepo upande ule. Bwana mmoja wa suti alikuwa amelala juu ya benchi, gazeti usoni. Nikajiuliza ni usingizi au anajificha. Mama mwenye watoto watatu aliwaambia, "Mkigusa kitu mtakatwa vidole," nao wakazidi kutamani kugusa.

Kwenye chumba cha vyombo vya nyumbani nilisimama, nusura nicheke peke yangu. Ndani ya kioo, juu ya kitambaa chekundu, wameweka pasi ya mkaa, yenye jogoo juu ya kifuniko. Yangu ya namna ile iko chini ya kitanda, umeme ukikatika naitoa. Sikujua kwamba miaka yote napiga pasi kwa kitu cha makumbusho. Nikainama niisome ile karatasi yake mpaka mwisho, herufi baada ya herufi, kuona wanasema nini juu ya watu wanaoitumia. Nikajikuta nimesahau kilichonileta. Nikashtuka, nikapanda ghorofani.

Huko ndiko alikokuwa.

Chumba cha kazi za mikono kina benchi moja refu katikati. Binti yangu alikaa pale, kanipa mgongo. Pembeni yake ameutandaza ule mtandio wa rangi ya samli, kama mtu anavyomwekea mwenzake nafasi. Nikarudi nyuma ya nguzo.

Akatokea mlinzi wa chumba, mwanamume wa miaka thelathini na kitu, kofia ya sare, mkanda umekazwa. Hakwenda mahali pengine, alikwenda moja kwa moja kwake. Akainama, akamnong'oneza neno. Binti yangu akacheka, kicheko cha mtu aliye kwao. Mlinzi akaonyesha kioo kilicho mbele yao, naye akasimama, wakasogea wote wawili, vichwa karibu kugusana, wakitazama kitu ambacho sikukiona.

Sikungoja zaidi. Nikashuka ngazi nikishika ukuta, nikatoa simu yangu ya vitufe.

"Njoo," nikamwambia Msoma Mita. "Nimemwona mwenzake."

Upande wa pili ufunguo wa pikipiki ukalia. Kisha, "Ni nani?"

"Mlinzi wa humu humu. Mwenye kofia." Nilitaka kuongeza kwamba avumilie, aje polepole, lakini simu ilikuwa imekatwa.

Nikabaki nimesimama. Nilikuwa nimeivunja nyumba ya binti yangu kwa maneno tisa. Saa ya ukutani ilionyesha saa kumi kasoro robo, na mimi sijasali alasiri. Yote mengine yangengoja. Nikamuuliza mkata tiketi pa kusalia.

"Chini ya ngazi, mama, ule mlango mdogo. Wafanyakazi husalia hapo. Bomba liko nje."

Kilikuwa chumba cha kuwekea mafagio, lakini kimefagiliwa, na mkeka umetandikwa. Nikatawadha, nikaelekea kibla, nikanuia. Kabla sijainua mikono nikasikia mlango, na mtu akanigusa begani kwa ncha za vidole, yaani tusali jamaa. Nikaona pindo la buibui jeusi limesimama kuliani kwangu. Nikashukuru, maana sala ya wawili ina uzito kuliko ya mmoja, na siku ile nilihitaji uzito. Nikapiga takbira.

Tulisali rakaa nne, bega kwa bega. Katika sijida ya mwisho niliomba sana. Nikasikia mwenzangu naye anavuta pumzi kama anayelia. Nikasema moyoni: Mungu, na yeye mpe haja yake, simjui, wewe unamjua.

Nikageuza uso kulia. "Assalamu alaikum wa rahmatullah."

Nikamwona. Ni mama yake Msoma Mita.

Macho yetu yalikutana wakati maneno ya amani bado yamo mdomoni mwangu. Miaka miwili nilikuwa nimeapa kwamba salamu yangu hataisikia. Ilibidi nigeuke kushoto kumaliza, maana sala ni sala. Naye akamaliza yake, taratibu, akafuta uso.

"Mkwe," akasema.

"Mkwe," nikasema. "Ulinijua?"

"Kwa takbira ya kwanza. Sauti hiyo iliyonisengenya nitaisahau?"

"Na ukaendelea?"

"Ningefanya nini, nivunje sala niondoke na mkeka?"

Nilitaka kukasirika, sikupata pa kushika. Kisha akili ikaanza kufanya hesabu. Nikauliza, "Unafuata nini humu?"

Akaukunja mkeka kwanza. "Kama unavyofuata wewe. Yuko juu, ananingoja."

"Wewe ndiye wa pili?"

"Wa pili wa nini?"

Nikaketi sakafuni. Nikamweleza yote: tiketi, sanduku, Jumapili. Alinisikiliza akiwa ameshika kifua.

"Mimi nilimkataza," akasema. "Alinikuta sokoni, mwaka jana, akanikimbilia mbele za watu. Nikamwambia, mwanangu, mumeo akisikia! Akasema basi tutafute mahali. Mahali gani, mkwe? Mkahawani ukikaa bila kuagiza wanakutolea macho. Bustani ile wanapita wote wa mtaa wenu. Msikitini ndiko kwa mashemeji. Kwangu kakatazwa, kibandani kwake kuna wateja wenye midomo. Yeye ndiye aliyesema: mahali ambapo ukoo wetu mzima hautii mguu ni makumbusho. Unakata tiketi, unapewa benchi, na hakuna anayekuuliza umekaa kwa nini."

"Mwafanya nini saa zote hizo?"

"Ananipa habari za mwanangu. Anakula? Kile kikohozi chake cha kipupwe? Viatu vya kazi vimetoboka au bado? Habari zikiisha tunatazama vitu." Akatabasamu kidogo. "Mwanzo tulijifanya tunatazama. Sasa tunatazama kweli. Mle juu kuna cherehani ya zamani, na binti yako kagundua uzi wameupitisha vibaya, mashine ile haiwezi kushona hata leso. Kamwambia mlinzi, mlinzi kapeleka kwa mkubwa wake, leo wameahidi kumfungulia kioo aupitishe mwenyewe. Wiki nzima hajalala kwa furaha."

"Mlinzi," nikasema. "Mwenye kofia."

"Ndiye. Kijana mwema, mkewe kajifungua juzi."

Nikatoa simu. Nikapiga mara moja, mara mbili, mara tano. Msoma Mita hapokei. Akiwa juu ya pikipiki hapokei.

"Mkwe," nikamwambia, "nimetenda kosa kubwa." Nikamwambia ni kosa gani.

Alisimama ghafla. "Basi niondoke. Kuna mlango wa nyuma."

"Ukiondoka atamkuta mkewe na yule mlinzi, na atayaamini maneno yangu, maana mimi ndiye mama. Ataachwa kwa jambo ambalo hakulifanya."

"Na nikibaki ataachwa kwa alilolifanya."

"Labda. Lakini litakuwa lake."

Akanitazama, mwanamke yule niliyemtangaza kuwa hana haya. Kisha akajifunga vizuri mtandio wake, akatangulia ngazi.

Binti yangu alipotuona mlangoni tumeongozana, rangi yote ilimtoka. "Mama?" Hakujua hata anamwita yupi. Nilimweleza kwa maneno machache. Hakulia. Alikaa chini akasema, "Ungeniuliza, mama."

"Nilikuuliza. Ukaniambia bibi harusi."

"Uliniuliza kama polisi."

Mlinzi alikuwa amesimama kando na ufunguo wa kioo mkononi, haelewi. Nikaanza kumwambia, "Mwanangu, naomba uende chumba kingine kidogo," lakini tayari viatu vilikuwa vinapiga ngazi, na sauti ya mkata tiketi inapaa kutoka chini: "Kaka! Hata mwenye hasira anakata tiketi!"

Msoma Mita aliingia na kofia ngumu ya pikipiki kichwani. Hakumwona mwingine, alitafuta sare. Akamshika mlinzi ukosi wa shati.

"Hakuna kugusa!" akapiga kelele mlinzi, kwa mazoea ya kazi yake, na mtoto mmoja kule mlangoni akaficha mikono.

"Mwache," nikasema. Nikaja nikashika mkono wa mkwe wangu, jambo nisilowahi kulifanya. "Mwache, baba. Huyu hana kosa. Nilikudanganya bila kukusudia, niliona nikadhani. Kosa ni langu, na huyu kijana nitamwomba radhi mbele yako." Nikamgeukia mlinzi, nikamwomba radhi. Alirekebisha ukosi akasema si neno, ila sauti yake ilisema ni neno.

"Basi wa pili ni nani?" akauliza Msoma Mita.

Nikasogea pembeni.

Mama yake alikuwa amekaa kwenye benchi, mikono mapajani, kama mgonjwa anayengoja kuitwa.

Nilitazama uso wa mkwe wangu, maana kazi yangu siku ile ilikuwa kutazama. Uliokuwa uso wa simba ukawa uso wa mtu aliyepotea njia. Aliivua kofia ya pikipiki. Aligeuka nusu kuelekea mlangoni. Nikajua akitoka sasa, ndiyo basi, mama na mke kwa siku moja.

Binti yangu akasimama. "Wa pili ndiye huyo. Mwaka na miezi miwili. Tiketi nyingine nilizitupa, hizo nne nilisahau kwenye aproni. Ulinikataza kwenda kwake, na kwake sikwenda. Ukitaka kunirudisha kwa mama, nirudishe kwa hilo. Ila usiniandikie mwanamume."

Hakutoka. Watu wawili waliingia, wakaona sura zetu, wakatoka. Na yeye akafanya jambo ambalo pengine asingeweza kulifanya sebuleni kwa mtu, ambako watu hukaa wakitazamana: alikwenda akasimama mbele ya kioo cha ile cherehani, akaanza kuisoma karatasi yake. Aliisoma, naamini, mara nyingi. Maandishi yenyewe ni mistari minne.

Mama yake akainuka, akaenda akasimama upande wa pili wa kioo kile kile. Akawa naye anaitazama cherehani.

"Kikohozi kimepoa?" akakiuliza kioo.

"Nani kakwambia nilikuwa na kikohozi?"

"Mkeo. Kila Jumamosi. Hatuna habari nyingine sisi."

"Kimepoa."

"Alhamdulillahi."

Sikusogea. Binti yangu alinishika mkono, na mkono wake ulikuwa wa baridi kama wa mtoto aliyetoka kuoga.

"Na huyo mtu wako," akasema Msoma Mita, bado macho kwenye cherehani. "Anakutunza?"

"Ana jina."

"Sikuuliza jina."

"Ananitunza," akasema mama yake.

Kengele ya kufunga ikalia. Mlinzi, maskini, alikuja na ufunguo wake akiwa mbali kidogo na Msoma Mita, akamwambia binti yangu kwamba zimebaki dakika kumi, na mkubwa ameruhusu leo tu. Binti yangu akamtazama mumewe. Mumewe akarudi nyuma hatua moja kuacha nafasi. Kioo kikafunguliwa. Akautoa uzi wote, akaupitisha upya, kule juu, kushuka, kupanda, mpaka tundu la sindano. Tulimtazama wote wanne. Nadhani hakuna aliyefikiria kitu kingine kwa dakika zile.

Nje, mama yake Msoma Mita alishika njia yake bila kuaga kwa sauti. Mwana hakumwita. Lakini alisimama na pikipiki yake imezimwa mpaka yule mama alipokata kona, ndipo akaiwasha. Binti yangu akapanda nyuma. Mimi nikarudi kwa miguu.

Usiku ule sikupata habari, wala sikuthubutu kuuliza. Jumapili niliamka, nikasali, nikafagia uwanja ambao haukuwa na taka, nikakaa karibu na dirisha. Kila pikipiki iliyopita ilinisimamisha. Saa nne ikaja ya kwake. Nikatazama nyuma ya kiti kwanza, kabla ya kumtazama yeye. Hapakuwa na mtu, hapakuwa na sanduku.

Hakuingia ndani. Alibaki juu ya pikipiki, mguu mmoja chini.

"Mama, lile jambo la wazee liache."

"Nimeliacha."

"Yale ya fundi viatu sijayamaliza. Nisije nikaambiwa nimeyamaliza."

"Hakuna atakayekuambia."

Akachezea breki. Akatazama bomba langu la uani kana kwamba linavuja, halivuji. "Pale," akasema, "Jumamosi hufungua saa ngapi?"

Nikamkazia macho. Miaka tisa ya kuingia uani kwa watu, yule. Huuliza jambo akitafuta jambo jingine. Je, anataka kwenda, au anataka kuwajua vizuri saa zao awavizie?

"Saa mbili asubuhi. Kwa nini unauliza?"

"Nauliza tu."

"Wao huwa pale kuanzia saa nane mchana," nikasema. "Benchi ni refu. Hata mimi nitakuwepo."

"Wewe unafuata nini?"

Nilikuwa na majibu mawili, na la kwanza lilikuwa kwamba lazima awepo mtu wa kuwaangalia. Nikampa la pili. "Kuna karatasi nyingi mle sijazisoma," nikamwambia. "Nasoma polepole."

Akaitikia kwa kichwa, akawasha pikipiki, akaenda. Nilibaki mlangoni kuhakikisha ameshika barabara ya kwao, siyo nyingine.